Mashine Haiamki Bila Mimi

Jumatatu, 2 Februari

Nimeamka saa kumi na moja. Nimeoga maji ya baridi. Nimevaa fulana ya stesheni, ile ya kijani yenye REDIO KIZINGITI kifuani. Saa kumi na moja na nusu nilikuwa mbele ya mashine. Nikabonyeza. Ikauliza. Nikajibu. Ikaamka! Miaka tisa sasa, Busia nzima haisikii hata wimbo mmoja mpaka Oundo ajibu.

Nieleze hapa, maana siku moja shajara hii itasomwa na watu wa maana. Sauti yote ya redio yetu hupitia kwenye kompyuta moja. Kompyuta hiyo hutumia mfumo huria, ule wa bure ambao kila mtu anaruhusiwa kuufungua na kuchungulia ndani. Jioni huzimwa. Asubuhi, kabla mfumo haujaamka, kuna programu ndogo inayotangulia kuamka, kisha inautafuta mfumo ulipolala. Wataalamu wanaiita bootloader. Mimi namwita Mwamshaji. Maagizo yake nimeyaandika mwenyewe kwa Forth, lugha ya kizee inayotaja vitu kwanza na kitendo mwisho. Sukari, kilo mbili, leta. Toka Malaba mpaka Busia anayeijua ni mimi peke yangu. Nimeulizia.

Ndani ya maagizo hayo niliweka swali: NANI ANAAMSHA? Bila jibu, mashine haisogei. Jibu nimeligeuza kuwa namba, hata ukifungua faili hulioni. Nikiulizwa sababu, nasema usalama. Lakini kwa nini niidanganye shajara yangu? Sababu ni kwamba kila saa kumi na mbili Okia, mtangazaji wetu wa asubuhi, husema hewani kuwa mitambo imeamshwa na Fundi Oundo. Na Mama, kule Buteba, huweka kikombe chini ili asikie vizuri. Ni sekunde tatu tu. Duniani sina kingine kinachotajwa.

Saa nne meneja wetu, Madam Barbara, akaniita. Toleo jipya la mfumo linaitupa Forth. Wenye kuutunza mfumo wamechoka nayo, hakuna vijana wanaoijua. Mahali pake inakaa Lua, lugha nyingine ya kompyuta. Fundi Phiona Apolot wa Tororo atakuja Alhamisi na diski mpya kuhamisha kila kitu. Nikacheka. Madam akaongeza kuwa baada ya hapo mtu yeyote atabonyeza na mashine itaamka yenyewe.

Nikauliza, hata Okia? Hata Okia. Nikaacha kucheka.

Jumanne, 3 Februari

Mpango wa kwanza. Nimemwambia Madam Barbara kwamba Lua inakula umeme.

Akauliza, "Fundi, inakula ngapi?"

Nikasema mwingi. Akaandika kwenye daftari: mwingi. Nikaona nimeshinda. Kumbe akampigia Phiona simu palepale! Nilikuwa nimesimama mlangoni na nilisikia kicheko kutoka Tororo. Kilichukua muda. Madam alirudi kwenye daftari akakata lile neno kwa kalamu nyekundu.

Si kitu. Adui yako mjue. Nimerudi kwenye kibanda changu cha kutengeneza simu pale mtaa wa Sofia, nikashusha kitabu cha Lua kwenye mtandao, cha bure. Nilikusudia kusoma kurasa tatu ili nipate la kukosoa. Nimesoma arobaini. Mteja amekuja mara tatu kuchukua simu yake na mara tatu nimemwambia gundi haijakauka. Simu yake haikuhitaji gundi.

Lakini jamani! Lua inahesabu kuanzia moja! Lugha zote za kompyuta nilizokutana nazo zinaanza na sifuri, kitu ambacho hakuna binadamu anayekifanya. Mama akihesabu kuku wake, kuku wa kwanza ni moja. Lua nayo hivyohivyo. Na kila unachokifungua unakifunga kwa neno moja, lilelile, kama mtu aliyelelewa kufunga mlango nyuma yake. Nani aliyekaa akafikiria hivi? Alikuwa anakula nini?

Bado naichukia. Nimeandika hapa ili nisisahau.

Jumatano, 4 Februari

Mpango wa pili: upelelezi. Nimekodi boda mpaka Tororo. Kofia, miwani ya jua, laputopu iliyokufa chini ya kwapa. Kibanda cha Phiona kinatazama Mwamba wa Tororo moja kwa moja. Nikajitambulisha: naitwa Ofwono, mfanyabiashara wa mahindi, natoka Nagongera, laputopu yangu imekataa.

Akanitazama kuanzia kofia kushuka chini. Akasema, "Karibu, Fundi Oundo. Kaa hapa, kiti hiyo ingine iko na shida."

Fulana! Nilikuwa nimeivaa kwa mazoea.

Nilitaka kuondoka. Ila tayari alikuwa amenimiminia chai, na kuacha chai ya mtu mezani ni matusi. Halafu huyu binti akafanya kitu ambacho sikukitarajia. Alikuwa ameyasoma maagizo yangu yote ya Forth, mistari mia mbili na kumi, Madam alimtumia. Akataka kujua kwa nini, kabla ya kuitafuta diski, Mwamshaji anasubiri sekunde saba. Kwa nini saba? Kwa nini si tano?

Miaka tisa! Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamweleza kuwa diski ile ni kuukuu, inachelewa kuzunguka, na ukiiita kabla haijawa tayari inakana kwamba ipo. Tano nilijaribu, ikakataa. Sita ikakubali siku za joto tu. Phiona akaweka kalamu mdomoni. Akasema hiyo ni akili. Akauliza lingine, nikajibu. Nami nikamuuliza kuhusu Lua, akajibu huku anachora kwenye kartoni. Tumekaa saa mbili unusu. Laputopu yangu hakuigusa mtu.

Mwisho akauliza, na lile swali la asubuhi, la nini? Nikakohoa. Nikasema usalama. Akasema, "Sawa, mzee," kwa namna ambayo sikuipenda.

Nimefika nyumbani ndipo nikagundua. Nilikwenda kumpeleleza, nikamwachia siri zangu zote. Hata chai yake ilikuwa nzuri.

Alhamisi, 5 Februari

Siku ndefu. Niandike kwa mpangilio.

Phiona alifika saa tatu. Saa nne redio ikanyamaza kama kawaida kupumzisha jenereta, akaanza. Akatoa diski ya zamani, akaweka mpya. Mistari yangu mia mbili na kumi imekuwa mistari arobaini ya Lua. Nilisimama nyuma yake nikiwa na nia mbaya, lakini macho yalikuwa yanasoma. Nilitaka kumuuliza maswali kumi. Nilijizuia, nikauliza sita.

Akabonyeza. Mashine ikaamka. Haikuuliza kitu. Haikunitazama hata kidogo, mimi niliyekuwa naiamsha na mafua, na malaria, na siku ya Krismasi! Okia akapiga makofi. Niliumia kweli, na nilimwonea wivu mtoto wa watu aliyenitendea wema jana.

Wakaenda kula posho na maharage. Mimi nikasema nina mfungo, nitalinda mashine. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na tundu la flashi liko nyuma ya mashine chini ya meza, kwa hiyo niliinama. Mpango wa tatu! Kwa flashi yangu nikamrudisha Mwamshaji wa zamani na maagizo yake yote. Waamshaji wawili wanaweza kukaa diski moja kama wake wenza. Kuna jina moja tu kwenye mipangilio linaloamua ni nani anaitwa. Nililigeuza jina. Mashine ilikuwa tayari imewaka, kwa hiyo mchana na jioni ingepiga nyimbo bila kujua. Kesho alfajiri, ikibonyezwa, itauliza: NANI ANAAMSHA? Okia atahangaika. Madam atalia. Saa kumi na mbili kasorobo natokea mimi, polepole, nimeshika chapati. Waliporudi kutoka kula nilikuwa nafuta vumbi.

Phiona akarudi Tororo saa tisa. Saa kumi Mama akanipigia simu. Mjomba Mangeni ametutoka. Alikuwa anaugua toka Novemba, lakini kifo hata ukikitazamia hakizoeleki. Ndiye aliyeninunulia redio yangu ya kwanza ya kufungua nijifunze ufundi. Nilikaa chini pale kibandani.

Mazishi ni Jumamosi saa nane, padri hana nafasi nyingine. Shida ni Nasirumbi, binti yake wa kwanza, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, kule Port Victoria ziwani. Amebadilisha namba na hakuna aliye na mpya. Mama Nasirumbi, mjane, analia jambo moja tu, kwamba mtoto asije akamkuta baba yake ameshafukiwa. Lakini Nasirumbi husikiliza matangazo ya vifo ya Kizingiti kila siku saa moja kabla hajaenda ufukweni kununua samaki. Redio tu ndiyo itampata.

Nimeliandika tangazo kwa mkono wangu. Nimempa Okia. Nimepanda boda moja kwa moja hadi Buteba. Mbele ya ukoo wote nimesimama nikasema msiwe na wasiwasi, kesho saa moja kamili litasomwa, nimelipanga mimi mwenyewe. Mjane akanishika mikono yote miwili.

Ijumaa, 6 Februari

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi, msibani. Watu kama themanini. Katekista Edimu anaongoza sala. Ikakaribia saa moja, wakaiwasha redio ya Mama, maana walikuwa wanatunza betri. Wakaiweka juu ya kiti katikati ya uwanja. Kimya kikaingia ili tangazo lisikike.

Redio ikatoa shhhhh.

Mtu akapapasa antena. Shhhhh. Mwingine akasema labda ni betri. Mimi nikasema, kwa sauti ya kitaalamu, kwamba ni hali ya hewa. Halafu nikakumbuka. Chini ya meza! Flashi! Jina nililoligeuza! Toka simu ya Mama ya jana mambo yale yalikuwa yamenitoka kichwani kabisa, naapa.

Simu yangu ilikuwa imezimwa kutunza chaji. Nikaiwasha. Mtandao pale kwa Mjomba unapatikana sehemu moja tu, juu ya kichuguu nyuma ya jiko, na kichuguu hicho kinaonekana na kila aliyekaa uwanjani. Nikapanda. Ujumbe ukaingia kuwa Okia amepiga mara kumi na saba, nikampigia.

Okia akapiga kelele, "Fundi! Mashine nauliza nani anaamsha. Nijibu nini?"

Nikamwambia kwa kunong'ona. Hakusikia. Nikaongeza sauti kidogo. Hakusikia. Jenereta ilikuwa inanguruma upande wake. Katekista akawa amefika kwenye "uwarehemu wafu wote".

Nikapaaza sauti. "OUNDO HANA MPINZANI!"

Sala ikakatika.

Okia akauliza, hana nini? "MPINZANI! OUNDO HANA MPINZANI! Herufi kubwa! Usiache nafasi!" Ikabidi nimtajie herufi moja moja, mpaka I ya mwisho, watu themanini wakinitazama, na mjane ameshika kanga mdomoni. Kuku walihama. Mzee mmoja nilimsikia akiuliza kama huyu kijana kifo kimemgusa akili.

Okia akaandika. Ikakubali! Kisha ikasimama tena. Haikuona mfumo. Hapo nikaelewa ujinga wangu wote. Maagizo yangu ya zamani yanataja diski ya zamani, na diski ya zamani iko kwenye mkoba wa Phiona. Mwamshaji wangu alikuwa anabisha kwenye nyumba ambayo mwenyewe amehama. Sekunde saba, tena saba, tena saba.

Kilichotuokoa ni kwamba saa kumi na mbili Madam Barbara alikuwa ameshampigia Phiona. Alifika kwa boda saa moja na dakika arobaini, uso umejaa vumbi. Akaangalia. Akaligeuza jina. Dakika nne. Saa mbili kasoro dakika tano Okia akasoma tangazo la Mjomba Mangeni, akalirudia mara tatu.

Lakini Nasirumbi huondoka kwenda ufukweni saa moja na nusu. Kila mtu pale alilijua hilo. Hakuna aliyenisemesha mchana kutwa. Nilichanja kuni mpaka viganja vikachubuka, na kila baiskeli iliyoingia niliinua kichwa.

Jumamosi, 7 Februari

Saa sita, hajafika. Saa saba, hajafika. Padri akaangalia saa yake. Mjane alikaa kando ya jeneza hasogei, na mimi nilisimama mbali naye kadiri boma lilivyoruhusu.

Saa saba na nusu pikipiki mbili zikapinda kutoka barabarani. Nasirumbi, mumewe, na shemeji wawili! Sikumbuki nilivyolia. Alimwona baba yake. Alimgusa uso. Tukazika saa nane na robo.

Baadaye alieleza. Jana saa moja alifungua redio, akakuta kimya. Kizingiti haijawahi kunyamaza saa ya matangazo ya vifo. Akaona kuna jambo. Akakaa anatikisa betri, anabadilisha, anatikisa, mpaka akachelewa samaki. Ndipo sauti ya Okia ikatoka.

Nikafikiri. Nikafikiri tena. Kwa hiyo kimya kile ndicho kilichomshika nyumbani! Nikamwendea Mama nikamweleza kuwa ukilitazama jambo kwa makini, kwa upande fulani, nimesaidia.

Mama hakugomba. Alikuwa anapanga vikombe. Akasema, "Oundo, miaka yote hii nilipokuwa nasikia jina lako, nilidhani unawafungulia watu redio. Kumbe wewe ndiye uliyeifunga."

Akaendelea kupanga vikombe. Nikachukua kitambaa nikaanza kuvifuta.

Binamu zangu wameanza kuniita Hana Mpinzani. Wanasema kwa heshima, halafu wanacheka.

Jumatatu, 9 Februari

Nilikwenda stesheni kurudisha fulana. Niliifua na kuipiga pasi. Kwenye redio ya boda niliyopanda, Okia alikuwa anatoa methali ya leo: mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikajiuliza anamsema nani.

Madam Barbara alikuwa na Phiona. Nikatoa fulana. Madam akasema mengi, na yote yalikuwa kweli. Halafu akasema kwamba kama ungekuwa uamuzi wake peke yake, ningekuwa nimeshaondoka, lakini Phiona ameniombea. Phiona akaeleza kuwa yeye hawezi kutoka Tororo kila tatizo likitokea, na kwamba Busia nzima hakuna mtu mwingine aliyeuliza maswali sita kuhusu Lua huku akiwa na nia mbaya. Alijua! Alijua toka Alhamisi kuwa nina nia mbaya, akanijibu yote sita.

Basi nimebaki. Nitayatunza maagizo mapya. Okia atasema hewani: mitambo inatunzwa na Fundi Phiona na Fundi Oundo. Sekunde tano! Sharti ni moja. Madam alilisema mara mbili na kuliandika kwa kalamu nyekundu: mashine isimuulize mtu swali lolote, kamwe.

Nimeapa. Nimeapa na machozi yakanitoka, na hayakuwa ya uongo. Kiburi kimeniponza, nikaihatarisha familia yangu kwa ajili ya sekunde tatu. Nimebadilika. Jioni nilimpigia Mama nikamwambia nimebadilika. Akasema haya.

Jumatano, 11 Februari

Lua ni tamu! Leo nimeandika mistari yangu ya kwanza mwenyewe na ikakubali bila kosa. Niliruka. Kichwa kikagonga rafu.

Kasoro yake moja tu: ni rahisi mno. Okia alikuwa nyuma yangu anakula karanga, akaangalia kioo, akaniambia mstari wa tisa unafanya nini. Akapatia! Okia! Mtu anayeita kipanya "kile cha kusukuma". Kwa mwendo huu, baada ya mwezi kila mtu Busia atakuwa anaielewa, na hapo fundi ni nani? Sijali kwa ajili yangu. Ninafikiria taaluma.

Kwa hiyo nimeongeza kitu kidogo. Si swali. Madam alikataza maswali na mimi ni mtu wa kiapo. Ni salamu. Mashine ikiwashwa inasema: HABARI ZA ASUBUHI. Je, hilo ni kosa? Kila mtu aliyelelewa vizuri husalimia. Na akisalimiwa, hujibu. Mashine inangoja ijibiwe, ndiyo adabu. Kisha inasema HABARI ZA NYUMBANI, kisha ZA WATOTO, kisha ZA NG'OMBE, kisha ZA MVUA. Mtu anajibu kila moja inavyostahili. Ukikosea moja inaanza upya kutoka asubuhi, bila kugomba, kwa upole kabisa. Majibu ninayo kichwani. Nimeyageuza kuwa namba.

Imechukua mistari kumi na miwili tu. Kwa Forth ingekuwa themanini.

Kesho naenda Nagongera siku mbili kwenye harusi. Hakuna neno. Simu nimeiacha kwa fundi wa vioo hadi Jumamosi, na mashine inajua kusalimia watu.